Sauti Namba Nne

Candelaria Picardo alikuwa na sauti mbili, na jengo zima alilokaa mtaa wa La Viña, mjini Cádiz, lilizijua zote mbili.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Aliitumia jikoni, kichwa nje ya dirisha la uani, akipigiana kelele na Regla wa ghorofa ya juu kuhusu kamba za nguo, nani kafariki, nani kaposa, na nani kapika nini hadi ngazi nzima inanukia. Ilikuwa sauti pana, ya haraka, yenye kicheko ndani yake, na miisho ya maneno ilidondoka uani pamoja na matone ya shuka zilizoanikwa.

Ya pili alirudi nayo kutoka Madrid. Hiyo aliivaa kama watu wanavyovaa viatu vya kanisani: vinabana, lakini angalau mtu anaonekana ni mtu. Ilikuwa ya daktari, ya padri, na ya wanafunzi wa kigeni ambao shule ya lugha ilimletea tangu mumewe, fundi wa meli, alipofariki. Aliwalaza katika chumba cha binti yake aliyeolewa mbali, akawapikia, akawafulia, na kwa miaka tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sauti ya kwanza ikielekezwa kwake.

Kisha, Septemba ya mwaka tisini na tatu, akaja Kerttu.

Alitoka Oulu, kaskazini ya Ufini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu kama mlingoti, na begi zito lililojaa kamusi. Candelaria alimpokea mlangoni, aproni ameshaificha.

"Karibu sana, binti. Je, safari yako ilikuwa njema? Ungependa kunawa kwanza, ama ungependa kula kwanza?"

"Kula," alisema Kerttu, akaona haya.

Msichana alipokwenda kuweka begi, Candelaria akachungulia uani. "We Regla! Kashafika! Mrefu huyo, mama yangu, hiyo taa ya ukumbini si ataipiga kichwa!"

"Mlishe basi asiongezeke!"

Wiki mbili zikapita. Siku moja, wanakula mchuzi wa dengu, Kerttu akaweka kijiko chini kwa adabu.

"Samahani, Bi Candelaria. Yule mama mwingine naye anakaa hapa?"

"Mama yupi?"

"Anayekuja jikoni asubuhi kabla sijaamka. Ana sauti kubwa, anacheka sana. Huwa namsikia nikiwa kitandani, lakini nikitoka nakukuta wewe tu."

Mkono wa Candelaria ukasimama hewani, mkate umebaki nusu njia. Akawaza haraka. "Huyo… ni jirani," akasema, akajaza kinywa.

Regla alipohadithiwa alicheka hadi akaegemea mlango. "Kwa hiyo mimi ndiyo wewe! Sasa shoga, mwambie huyo jirani arudishe sufuria yangu."

Ila Kerttu asilaumiwe. Alikuwa amesoma Kihispania miaka mitano huko kwao, na miaka yote mitano mwalimu wake halisi alikuwa kaseti: bibi mmoja wa kaskazini ya Hispania, kila herufi ameipanga mahali pake kama vikombe kabatini. Aliposhuka kituo cha treni cha Cádiz alidhani kakosea nchi. Watu walikuwa wanaongea, midomo inakwenda, lakini kilichomfikia kilikuwa mlio mmoja tu, kama bomba lililofunguliwa. Alidhani wamechoka. Halafu akadhani ni meno. Aliandika nyumbani kwao barua kwamba mji ni mzuri, jua lipo, na kwamba watu wa hapa wanakula herufi.

Kilichomfungua masikio hakikuwa darasa. Ilikuwa foleni ya mkate, asubuhi moja ya Novemba. Mwanamke aliyekuwa mbele yake aliomba mikate miwili, na Kerttu akasikia kitu ambacho kwa wiki nane kilikuwa kikipita mbele ya sikio lake bila kubisha hodi: ile herufi ya mwisho, s ya wingi, haikuliwa yote. Iliacha pumzi. Pumzi ndogo, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe mtoto. Alisimama pale akiwa ameduwaa hadi muuzaji akamuuliza kama amelala. Tangu hapo hakuweza tena kutoisikia. Ilikuwa kila mahali! Aliisikia kwa muuza mkate, kwa mtawa, kwa mzee anayemkemea mbwa. Alirudi nyumbani mbio, akamweleza Candelaria kwa mikono na macho, kama mtu aliyeokota dhahabu.

Candelaria akacheka. "Njoo nami sokoni kesho. Nitakuonyesha mambo."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wao. Jumamosi asubuhi walitembea kati ya meza za samaki, Candelaria na kikapu, Kerttu na daftari, na Candelaria alinong'ona, "Huyo mwenye ngisi. Sikiliza. Wa wapi?"

"Wa hapa?"

"Wa hapa wapi! Mtazame ulimi. Unachungulia katikati ya meno kama paka mlangoni. Huyo ni wa San Fernando. Ni hapo tu, ukipiga chafya wanakuambia pole, lakini ulimi wao mwingine. Haya, yule wa zeituni."

Kerttu alifumba macho. Muuza zeituni alikuwa anagombana na mteja. "Anafungua kinywa," alisema polepole. "Mwisho wa neno, anafungua kinywa sana, kama anataka kupiga miayo halafu anaghairi."

"Wa Córdoba!" Candelaria alimpiga bega kwa furaha hadi daftari likaanguka kwenye maji ya samaki. "Córdoba kabisa! Nani kakufundisha?"

"Wewe."

Kufika Krismasi, Kerttu alikuwa anamtambua mtu wa Sevilla kabla hajamaliza salamu, na alijua kwamba wa Cádiz ukimkasirisha anasema sh pale ambapo kitabu kimeandika ch. Candelaria alijivuna naye sokoni kama kwamba kamzaa. "Muulizeni huyu," aliwaambia wauza samaki. "Huyu theluji yote mwilini, lakini masikio ya kwetu."

Ilikuwa katikati ya raha hiyo ndipo Kerttu akauliza, bila ubaya wowote, huku akichagua vibua:

"Na wewe, Bi Candelaria, wewe ni wa wapi?"

"Mimi? Mimi wa hapahapa. Nimezaliwa nyumba hiihii."

"Mbona basi huongei kama wa hapa?"

Candelaria aliwatazama vibua kwa muda mrefu. Akasema leo si wabichi, twende zetu.

Alikuwa na miaka kumi na sita alipopelekwa Madrid kufanya kazi za ndani, nyumbani kwa wakili mmoja. Alikaa huko miaka kumi na moja. Mke wa wakili hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kurekebisha. Kila neno la Candelaria lilirudishwa kama sahani isiyosuguliwa vizuri. Sema tena. Na tena. Simu ikilia asiishike, watu wasije wakadhani wamepiga namba ya kijiji. Na wageni wakija chakula cha jioni, bibi huyohuyo alimwita atoke jikoni: "Candelaria, hebu waambie hawa mnaitaje samaki wa kwenu." Candelaria alisema, na meza nzima ikacheka, wala si kwa chuki, walicheka kama watu wanaomtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mwaka wa tatu hawakuwa na la kucheka tena. Alikuwa ameshajifunza.

Aliporudi Cádiz kuolewa, mama yake alikuwa juu darini anafua, kama siku zote. Wakati huo jengo zima lilifua pale juu, wanawake kumi mbele ya makarai ya mawe, sabuni ikiteleza hadi ngazini, watoto wakipita chini ya shuka. Candelaria akasema, "Mama, nimefurahi kukuona." Mama yake aligeuka, mikono imejaa povu, akawatazama wenzake: "Huyu bibi ni wa nani?" Wakacheka wote. Candelaria naye alicheka. Lakini hakulisahau.

Baada ya Mwaka Mpya, mwalimu Begoña wa shule ya lugha alikuja kuwaona mama wenyeji wa wanafunzi. Begoña alikuwa mtu wa Burgos, huko juu kaskazini, mpole, mwenye miwani mikubwa. Alitaka kurekodi sauti nane, za mama waliozaliwa miji tofauti. Kila mama asome ukurasa mmoja uleule, na kaseti hiyo itakaa shuleni miaka na miaka; kila kundi la wanafunzi litaisikiliza na kuandika kila sauti inatoka wapi, mara moja wakifika na mara moja kabla ya kuondoka, ili ionekane masikio yao yamesafiri umbali gani.

Candelaria alikubali kabla Begoña hajamaliza. Miaka na miaka! Wanafunzi ambao hawajazaliwa watakaa darasani wamsikilize yeye. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye kaseti hiyo: iseme, mara moja na kwa wote, kwamba Candelaria Picardo anaongea vizuri.

Alifanya mazoezi wiki nzima na ule ukurasa, uliohusu mkulima na punda. Siku yenyewe alipita saluni kwanza.

"Shoga, kinasa sauti hakioni nywele," Regla alimpigia kelele kutoka juu.

"Mimi naziona!"

Akasoma. Hakuacha herufi hata moja idondoke. Zile za mwisho alizibana kwa meno zote, na pasipokuwa na herufi akaongeza nyingine, kwa usalama, kama mpishi mwenye hofu anavyoongeza chumvi. Mkulima na punda wake walitoka wamenyooka kama askari wa gwaride. Begoña alimpongeza. Candelaria alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu ya ufukweni, ili watu wazione nywele.

Mwezi wa tatu wanafunzi wakafanya mtihani wao. Candelaria alikuwa amekaanga dagaa kumsubiri Kerttu. Hakumwacha hata avue koti.

"Haya, niambie. Umepata ngapi?"

"Saba."

"Saba kati ya nane! Malkia! Ipi imekushinda?"

Kerttu alikaa. Alichezea uma. "Namba nne."

"Namba nne ndiyo nani?"

"Ndiyo wewe."

Candelaria alicheka. "Usinitanie. Unakula kwangu miezi sita, hunijui?"

"Nilikujua neno la kwanza. Lakini swali halikuwa ni nani. Swali lilikuwa, anatoka wapi. Nikashindwa kuandika. Nikaacha wazi."

"Ungeandika Cádiz, mwanangu! Si unajua natoka Cádiz?"

"Najua kwa sababu naishi hapa. Sikio halikuniambia." Macho ya Kerttu yalikuwa mekundu. "Ningeandika Cádiz ningekuwa nimeiba jibu."

"Na wenzako waliandika nini?"

Kerttu aliwatazama dagaa kwenye sahani.

"Kerttu. Waliandika nini?"

"Wawili waliandika Madrid. Wengine… Wengine wote waliandika kwamba namba nne ni mgeni. Mtu wa nje, kama sisi. Aliyejifunza."

Candelaria alizima jiko. Akafuta meza iliyokuwa safi. Kisha kwa ile sauti ya Madrid, iliyonyooka, kila herufi mahali pake, akasema, "Asante kwa kunieleza ukweli. Chakula chako kipo hapo," na akaingia chumbani kwake saa nane mchana, jua bado liko dirishani.

Siku tatu zikapita, Jumamosi ikiwemo, na hawakwenda sokoni. Kerttu alisema asubuhi njema, akajibiwa asubuhi njema. Jikoni hapakusikika kicheko cha yule "jirani", na Regla, aliyezoea kurushiwa maneno tangu kahawa ya kwanza, alishuka mwenyewe siku ya nne kuangalia kama mtu amekufa.

Alipoelezwa, hakucheka. Jambo hilo lilimtisha Candelaria kuliko lolote.

"Mgeni," alisema Regla. "Mtoto wa Salud, mgeni."

"Usimtaje mama."

"Namtaja. Unakumbuka alivyokuwa anakuita kutoka darini? Uko kule ufukweni na miguu majini, anakuita mara moja tu, mbwa wote wa mtaa wanakaa chini." Regla akaweka mikono mdomoni, akaita. Haikuwa yenyewe.

"Si hivyo. Ilikuwa nzito kidogo."

"Hivi?"

"Hapana. Ilikuwa inapanda mwishoni. Ngoja." Candelaria akajaribu. Ikatoka ya Candelaria tu. Akajaribu tena. Walikaa pale wanawake wawili wenye miaka sitini, wameshikilia kingo za meza, wanaita mtoto ambaye hayupo, mmoja akimkosoa mwenzake, wanacheka, halafu hawacheki. Hakuna aliyeipata. Miaka kumi na tano tu tangu mama azikwe, na ile sauti iliyowalea wote wawili ilikuwa imekwenda.

"Picha yake tunayo," Candelaria alisema mwishowe. "Ile ya harusi."

"Ile kafunga mdomo," alisema Regla.

Siku iliyofuata Candelaria alikwenda shuleni, bila saluni. "Mwalimu, nataka ile ya kwangu ifutwe."

Begoña alishangaa. "Lakini wewe ndiye uliyesoma vizuri kuliko wote! Kila herufi inasikika."

"Ndiyo shida yenyewe. Inasikika herufi, mimi sisikiki. Ifute, nirudie. Na njoo nyumbani, hapa kwenye haya madawati nitasoma tena kama nimeshtakiwa."

Begoña alikuja Alhamisi, karibu na saa ya chakula, na kinasa sauti mkononi. Kerttu akapewa kazi ya kushika maikrofoni. Candelaria alikaa, akavuta pumzi, akafungua mkulima na punda. Ikatoka Madrid. Akaanza upya. Madrid tena. Alivua aproni, akaivaa, alisimama, akakaa, akajaribu kuidondosha miisho ya maneno kwa makusudi, ikawa mbaya zaidi, kama mtu wa televisheni anayeigiza mpishi wa kusini.

"Siwezi," alisema, akaufunika ukurasa mezani. "Jamani, siwezi. Nimeishi na huyu mwanamke muda mrefu mno. Hatoki."

"Tupumzike," alisema Begoña kwa upole. Akatazama jikoni, mahali palipokuwa na sahani ya samaki wanaosubiri mafuta. Kwa nia njema kabisa, ili kubadilisha mazungumzo, akasema, "Hao ni wazuri. Sisi nyumbani huwapitisha kwenye yai kwanza."

Candelaria aliinua kichwa. "Kwenye nini?"

"Yai. Unga, kisha yai. Wanakuwa laini."

Kerttu alitazama uso wa Candelaria. Alitazama kinasa sauti. Akabonyeza.

"Yai! We Begoña, mama yako anajua? Yai la nini, samaki anaumwa mafua umfunike blanketi? Dagaa na yai! Hebu niondokee hapo, sogea, shika hilo chekeche. Unga, mwanamke, unga tu, tena ule wa chengachenga, unamrusha humo, unamtikisa, kisichomshika hakimhitaji, halafu mafuta yawe yanaongea, unasikia? Yakinyamaza, usimtie samaki humo! Kumfunika yai! Ndiyo maana huko kwenu kuna baridi, Mungu kawaona!"

Na akaendelea. Kutoka kwenye unga akaingia kwenye mafuta, kutoka mafuta akaingia kwa muuza samaki aliyemdanganya mwaka wa sitini na nane, kutoka huyo akaingia kwenye ndoa ya binamu yake, na miisho ya maneno ilikuwa inadondoka kote jikoni kama unga wenyewe. Regla alijibu kutoka juu bila kuulizwa. Begoña alisimama na chekeche, miwani nyeupe pe kwa unga, anacheka, na kaseti ikazunguka hadi ikafika mwisho na kuzima yenyewe. Kerttu, na masikio yake yote ya malkia, alikosa nusu ya yaliyosemwa.

"Ngoja, tusikilize," alisema Begoña.

"Hapana!" Candelaria alimzuia mkono. "Sitaki kujisikia. Nikijisikia nitaanza kujirekebisha. Chukua uende nayo. Lakini kula kwanza."

Kerttu alibaki hadi mwezi wa sita. Wiki yake ya mwisho, Begoña alipita nyumbani na karatasi mkononi. Kundi jipya lilikuwa limekuja baada ya Pasaka, wanafunzi kumi na sita, na walikuwa wamemaliza mtihani wa pili.

"Namba nne," alisoma Begoña. Candelaria alishika ufagio kwa mikono miwili. "Kumi na watano wameandika Cádiz. Mmoja kati yao ameandika, 'Cádiz, na kuna mtu kamuudhi.'"

Candelaria alitazama dirishani, uani, palipokuwa na shuka za Regla, asionwe macho.

"Na wa kumi na sita?" akauliza.

"Huyo aliandika Sevilla."

"Sevilla!" Sauti ilipiga ukuta wa pili wa ua ikarudi. "We Regla, umesikia? Mimi, Sevilla!"

"Mfukuzeni!" ilijibu ghorofa ya juu.

Candelaria aliegemeza ufagio, akajifuta mikono kwenye aproni. Ile sauti haikubadilika hata kidogo alipomgeukia mwalimu.

"Huyo wa Sevilla, mwakani akirudi, nileteeni mimi."